Majani ya kabichi yanafuata nini Pugu?

Naziomba halmashauri zote tano za Dar es Salaam jambo moja kwa mwaka wa fedha ujao: ziache kupeleka taka za masoko ya mboga na matunda kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi. Sisemi taka zote. Pampasi, vioo, viatu vilivyokatika na makorokoro mengine ya majumbani sina pa kuyapeleka. Nasema taka za Mabibo, Buguruni, Temeke Stereo, Ilala na masoko yanayofanana nayo, ambako kinachotupwa kwa sehemu kubwa ni majani ya kabichi, mikungu ya ndizi, maganda ya mahindi mabichi, nyanya zilizopasuka na nyasi zilizofungashiwa matenga. Vyote hivyo vilitoka shambani, na huko shambani viliacha pengo.

Mimi ni bibi shamba mstaafu. Nilianzia kazi Mbinga, nyumbani kwetu, nikamalizia Mkoa wa Pwani, na sasa naishi Chanika, ambako nasaidiana na kikundi cha akina mama wanaolima mchicha, matembele na chainizi. Mboji nimeifundisha kwa miaka mingi, kama walivyoifundisha maofisa ugani wenzangu nchi nzima. Wakulima wanaijua. Waulize, watakutajia tabaka kwa tabaka: majani makavu, majani mabichi, samadi, majivu, udongo, maji. Ndiyo maana nakereka nikisikia kwenye semina kwamba tatizo letu ni elimu. Mkulima wa mchicha wa Dar es Salaam hakukosa elimu ya mboji. Amekosa cha kuitengenezea. Eneo lake ni matuta machache aliyoazimwa kando ya reli au chini ya nyaya za umeme. Hana ng'ombe, hana pori la kukata majani, na shambani kwake hakibaki kitu, kwa sababu mchicha wa mjini mara nyingi hung'olewa mzima na mizizi yake ikaondoka na fungu. Na wakati huohuo, si mbali na alipo, malori yanasomba kile anachokitafuta kwenda kukitupa.

Anayetaka kunielewa aende Mabibo alfajiri. Fuso za ndizi kutoka Tukuyu na Moshi zinashusha pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi. Vijana wenye visu wanakata vichane, na mkungu mtupu unarushwa pembeni. Mkungu huo ukiuinua utashangaa uzito wake: umejaa maji, unachuruzika utomvu ambao ukidondokea kanga doa halitoki tena. Hatua chache mbele yuko mama wa kabichi. Mteja wa mjini anataka kabichi nyeupe, ngumu, isiyo na tundu, basi yeye anavua majani ya nje, moja, la pili, la tatu, mpaka apate ile inayopendeza mezani, na majani ya kijani yanarundikana miguuni pake. Upande wa mahindi mabichi kuna kilima cha maganda. Upande wa nyanya kuna nyasi zilizotandikwa kwenye matenga njia nzima kutoka shambani, na nyanya zilizopondeka njiani.

Marundo hayo kila moja ni la aina yake. Hakuna ofisa wa mazingira aliyepita kuwaambia watu wa ndizi watenge mikungu, au mama wa kabichi atenge majani. Kazi yenyewe ndiyo inayotenga. Kuchanganya kunaanza baadaye. Kijana wa toroli anapita anakusanya kila kitu kwa pamoja, kwa sababu analipwa kwa safari, anakwenda kumwaga kwenye kizimba cha taka. Pale kizimbani majani ya kabichi yanakutana na sahani za plastiki za mama lishe, viroba vilivyochanika, betri za redio na chupa za pombe kali. Giza likiingia, majirani wa soko nao wanaleta za kwao kimyakimya, pampasi zikiwamo. Kijiko kikija kupakia kwenye lori, kinachopakiwa ni uji mweusi usiofaa kwa lolote.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wafanyabiashara wetu hawana utamaduni wa kutenganisha taka, nakataa. Wanatenganisha kila siku kabla jua halijachomoza. Anayechanganya ni mfumo wa ukusanyaji, na mfumo huo una mwenyewe, una mkataba, una bajeti na una sahihi ya mkurugenzi.

Tena tuuangalie mzigo wenyewe. Jani la kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Tikiti maji hali kadhalika, na mkungu wa ndizi hauko mbali na hapo. Jiji linanunua dizeli, linalipa dereva na utingo, linachakaza matairi, ili kubeba maji kutoka Mabibo mpaka Pugu. Njiani yale maji yanavuja barabarani, na kila anayeishi kando ya njia ya malori ya taka anaijua harufu yake. Yakifika dampo yanafunikwa na taka nyingine, yanaoza bila hewa, na kinachotoka ni gesi ya methani, ambayo kwa uzito uleule inakamata joto la angani zaidi ya mara 25 ya hewa ya ukaa, pamoja na ule mchuzi mweusi unaojipenyeza ardhini. Gesi hiyo inasaidia pia kuwasha moto wa dampo, ule unaofuka siku nyingi na kuwaingia watu vifuani.

Wakazi wa Tabata wanalijua hilo kuliko mimi. Mwaka 1988 walilishitaki jiji mahakamani kwa sababu ya dampo lililokuwa katikati ya makazi yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji lilipoomba liendelee kulitumia kwa muda zaidi, mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Ilikuwa hukumu ya kishujaa. Lakini tazama kilichofuata: taka zilihamia Vingunguti, kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni, kutoka Mtoni zikaenda Pugu. Zaidi ya miaka 30 sasa jibu letu limekuwa kulisogeza dampo kwa watu wengine. Kupunguza kinachokwenda dampo hatujakujaribu kwa dhati, ilhali zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni vitu vinavyooza.

Sasa niseme habari ya udongo, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Dar es Salaam na Pwani ni mchanga. Mimina kopo la maji juu ya tuta ambalo halijawahi kuwekwa mboji wala samadi. Kabla hujaliweka kopo chini, maji yameshazama, na saa moja baadaye ukichimba kwa kidole unakuta vumbi. Mbolea ya dukani nayo inayafuata maji hayohayo. Mama ananyunyizia urea yake ya kupima kwa kisoda, anamwagilia asubuhi na jioni kama inavyompasa, na naitrojeni inateremka chini kabisa kuliko mizizi ya mchicha inavyoweza kufika. Amenunua mbolea akailisha visima vya jirani. Mchanga hauna mikono ya kushika kitu. Mboji ndiyo mikono yenyewe: inashika maji, inashika potasiamu na kalsiamu, inawapa makazi wadudu na vijidudu wanaoufanya udongo uwe hai. Kuna na faida nyingine ambayo wakulima wa nyanya na bamia wanaithamini sana. Kwenye mchanga mtupu minyoo fundo inatamba, mizizi inavimba mafundomafundo na mmea unadumaa huku umemwagiliwa vizuri. Udongo wenye mboji ya kutosha una viumbe wengi wanaoikaba minyoo hiyo. Haiishi, lakini haitambi.

Na katika joto letu mboji haikai. Kule kwenye baridi inaweza kudumu ardhini miaka. Huku pwani, jua na maji ya kumwagilia kila siku vinaiyeyusha upesi. Mchicha unavunwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, tuta linapandwa tena, na kila mzunguko unadai chakula chake. Mkulima wa mjini anahitaji mboji mfululizo, mwaka mzima, na kwa wingi. Kitu pekee mjini kinachopatikana mfululizo, mwaka mzima na kwa wingi, ni taka za soko.

Nisieleweke vibaya kuhusu mbolea za viwandani. Sina ugomvi nazo. Mwaka 2022 bei ilipopaa baada ya vita vya Ukraine, Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 za ruzuku, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Mbeya siku ya Nane Nane. Niliifurahia, kwa sababu nawajua wakulima wa mahindi wa Ruvuma. Hesabu ni hii: mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mboji nzuri ya taka za soko ikikaushwa kabisa ina naitrojeni asilimia moja hadi mbili. Ukitaka kilo hizo 23 kutoka kwenye mboji ya asilimia moja na nusu, unahitaji zaidi ya tani moja na nusu ya mboji iliyokauka, na bado haitaitoa naitrojeni yote msimu mmoja. Anayemwambia mkulima wa ekari kumi za mahindi kule Songea aache urea atumie mboji kutoka Dar es Salaam anamdanganya. Mboji ni nzito, haivumilii safari ndefu. Mahali pake ni jirani: matuta ya mboga ya mjini, mananasi ya Kiwangwa, matikiti ya Mkuranga, bustani za Kibaha na Kisarawe. Na huko huko, anayetumia urea kidogo juu ya tuta lenye mboji anapata zaidi kuliko anayeimwaga urea nyingi juu ya mchanga mtupu. Viwili hivi vinasaidiana. Hata viongozi wa Afrika walipokutana Nairobi Mei 2024 kuzungumzia mbolea na afya ya udongo, walikubaliana kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa ndani wa mbolea za viwandani pamoja na za asili ifikapo 2034. Za asili zimetajwa. Swali ni nani kwetu amezitengea bajeti.

Kwetu Umatengoni jambo hili halikuhitaji azimio. Milima ya Mbinga ni mikali, na mvua yake ingeshausomba udongo wote mpaka Ziwa Nyasa kama wazee wasingebuni ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mfano wa miraba. Wanawake wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Yanabaki mashimo, na juu ya kingo zake, ambazo ndani yake nyasi zinaoza taratibu, wanapanda maharage, na msimu unaofuata mahindi. Maji ya mvua yanatuama kwenye shimo yakisubiri kunywewa. Hakuna kinachochomwa, hakuna kinachotupwa. Mama yangu alilima hivyo na bibi yangu alilima hivyo, na mteremko uleule umelisha vizazi. Wachagga nao kihamba chao hakikuishi kwa bahati. Majani ya migomba yanakwenda zizini, samadi inatoka zizini inarudi kwenye mgomba. Walichokula watu na mifugo kilirudi palepale kilipotoka.

Mji ndio uliokata mzunguko huo. Ndizi ya Tukuyu imejaa potasiamu, na potasiamu hiyo imetoka kwenye udongo wa Rungwe. Inapanda Fuso, inashuka Mabibo, tunakula nyama ya ndizi, na ganda na mkungu, ambavyo vina potasiamu tele, tunavipeleka Pugu. Kesho lori jingine linakuja. Kila siku mashamba yanapungukiwa na dampo linanenepa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wote tunakula. Nimeshasema mboji haivumilii safari ya kurudi Rungwe. Lakini kuiacha potasiamu hiyo izame Kinyamwezi wakati matembele ya Chanika yana njano ya njaa, hilo silielewi.

Mboji ya taka za soko ina masharti yake, na hapa naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu miradi mingi imekufa kwa kuyapuuza.

Ukirundika majani ya kabichi peke yake hupati mboji. Unapata ute unaonuka ambao hata nguruwe atausogelea kwa shaka. Majani mabichi yana naitrojeni na maji mengi, hayana hewa. Yanataka mwenzake mkavu: makapi ya mpunga, nyasi kavu, maranda ya mbao isiyopakwa dawa, majani makavu yanayofagiliwa barabarani na kuchomwa kila asubuhi jiji zima. Kaboni iwe sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja; kwa macho ya mkulima, debe la majani mabichi liende na debe moja na zaidi la makavu. Mikungu ya ndizi lazima ikatwe kwa panga vipande vya urefu wa kidole, la sivyo miezi mitatu baadaye utaikuta ndani ya lundo imekuwa kamba, nyuzi ndefu ngumu zinazonasa jembe. Makumbi ya nazi na kokwa za embe tunaviweka kando. Muda wake wa kuoza haulingani na wa vingine. Tunaongeza samadi ya kuku kidogo na beleshi mbili za mboji ya zamani kama hamira.

Lundo letu linafika kifuani. Tunachomeka nondo katikati yake tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu au ya nne mama mmoja anaichomoa na kuishika sehemu iliyokuwa ndani. Akiiachia haraka na kupiga kelele, wengine wanacheka, maana lundo limeshika moto. Joto la nyuzi 55 hadi 65 likidumu kwa siku kadhaa linaua mbegu za magugu, mayai ya minyoo na vimelea vingi vya magonjwa. Ikiwa nondo ni ya vuguvugu, lundo lina kiu au limekosa hewa. Tunakamata konzi ya ndani na kuiminya: matone mawili matatu ni sawa, ikichuruzika imelowa mno, ikimwagika kama vumbi inataka maji. Kisha tunaligeuza, ya pembeni iingie katikati nayo ipate joto lake. Hii ni kazi ya mgongo. Mvuke unapanda usoni, na nyuzi nyeupe za ukungu zimetambaa juu ya maganda kama utando. Baada ya miezi mitatu hivi lundo limenywea chini ya nusu, na huwezi tena kusema lipi lilikuwa kabichi na lipi lilikuwa ganda la hindi. Hata hapo hatuharakishi. Tunapanda mbegu za mchicha kwenye kopo lenye mboji hiyo. Zikiota zikasimama na majani yasiungue, imeiva.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba mboji isiyopikwa ni hatari. Kupeleka mabaki ya soko mabichi shambani ni kumpelekea mkulima magonjwa ya mashamba ya watu wengine. Mnyauko wa migomba umeitesa Kagera tangu katikati ya miaka ya 2000, na unasafiri kwa mabaki ya mimea na visu. Mnyauko wa nyanya hali kadhalika. Joto la lundo ndilo linalotukinga, na ndiyo maana nataka taka zipitie mahali penye usimamizi kabla ya kufika kwenye tuta.

Hatari ya pili ndiyo iliyowakatisha tamaa wakulima wengi. Kijana mmoja analima mboga bondeni, nilipita shambani kwake nikamkuta anavuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanunua mbolea ya kuku kwa bei hiyo wakati soko liko hapo juu?"

Akanionesha kovu kwenye kiganja. "Mama, nilinunua kenta nzima ya taka za soko. Kioo kilinikata hapa. Halafu nikakuta na sindano. Tangu siku hiyo mimi na kuku tu."

Simlaumu. Mkono wake ndio mtaji wake. Na kuna sumu isiyokata wala kuonekana: risasi na kadimiamu kutoka kwenye betri, rangi na taka za viwandani. Watafiti wamekuta metali nzito kwenye mboga zinazomwagiliwa kwa maji ya Mto Msimbazi, na mlaji ana haki ya kuogopa. Lakini metali hizo haziko kwenye jani la kabichi lililovuliwa mezani. Zinaingia kizimbani. Kila hatari niliyoitaja hapa, ukiacha magonjwa ya mimea ambayo joto linayamaliza, inatokana na kuchanganya. Ukichukua mabaki ya kabichi, ndizi na mahindi kabla hayajafika kizimbani, kazi iliyobaki ni ndogo, na maabara ya udongo ya chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro au ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, Mlingano kule Muheza inaweza kupima mboji na kutuambia kama ni salama.

Wala silazimiki kuota. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, chenye uwezo wa kupokea tani 50 kwa siku. Nakisifu bila kusita. Lakini tani 50 ni tone kwa jiji linalozalisha taka kwa maelfu ya tani, na kiwanda cha namna hiyo kinaishi kwa malighafi safi. Ukikiletea uji wa kizimbani, wafanyakazi watashinda wanachambua plastiki. Mabwepande inahitaji ndugu zake upande wa Ubungo, Temeke, Kigamboni na Ilala, na si lazima viwe viwanda vya mashine. Eneo tambarare lenye paa, maji, sakafu isiyovujisha, panga, uma na watu waliofunzwa vinatosha kuanzia. Masokoni hapana nafasi ya kupikia mboji na sipendekezi ipikwe hapo. Harufu na nzi vingewafukuza wateja. Sokoni tunatenga tu.

Kinachokwamisha ni namna wazabuni wa taka wanavyolipwa. Mzabuni akilipwa kwa safari au kwa tani zilizofika dampo, kwa nini ahangaike kupunguza tani? Kwake jani la kabichi lililolowa ni fedha. Mkataba ukibadilika, tabia itabadilika wiki hiyohiyo. Liandikwe sharti kwamba soko la mboga na matunda litakuwa na sehemu mbili za kukusanyia, moja ya mabaki ya mimea tu, yenye geti na mlinzi usiku, na nyingine ya vilivyobaki. Mzabuni alipwe zaidi kwa tani ya mabaki safi iliyofika penye kupikiwa mboji kuliko kwa tani iliyofika Pugu. Vijana wa toroli na maguta walipwe kwa mzigo usiochanganywa. Hao ndio watakaosimamia usafi wake kuliko tangazo lolote la ukutani. Wafanyabiashara wanalipa ushuru kila siku, na sehemu ndogo ya fedha hiyo ikionekana imejenga kuta mbili na geti, hawatalalamika.

Usafiri wa kwenda shambani nao upo. Kirikuu na kenta zinazoleta matikiti kutoka Mkuranga na mananasi kutoka Kiwangwa nyingi zinarudi tupu. Mwenye gari anayerudi tupu atakubali mzigo wa mboji kwa bei ya mafuta na soda. Nimewauliza, wanaafiki.

Na TFRA, mamlaka yetu ya udhibiti wa mbolea, naiomba itafute njia nyepesi ya kuwasajili wazalishaji wadogo wa mboji. Udhibiti naukubali, nimeshaeleza kwa nini. Ila kikundi cha akina mama kinachouza viroba kwa majirani wanaokifahamu hakiwezi kupita mlango uleule na kampuni inayoingiza meli nzima ya mbolea. Wapimiwe mboji yao mara kwa mara, kwa gharama wanayoimudu, wapewe cheti chao, wauze.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya hapo zabuni za usafi zinatangazwa, makabrasha yanachapwa, madiwani wanakaa kupitisha. Diwani wa kata yenye soko, naomba ulifungue kabrasha la zabuni ya taka ukurasa kwa ukurasa kabla hujanyoosha mkono. Ukikuta halisemi chochote kuhusu kutenga mabaki ya mimea, lirudishe mezani. Na kama mkurugenzi atakuuliza nani atayachukua hayo mabaki, mwambie aanze na Chanika. Eneo tunalo, mapanga tunayo, na nondo iko tayari.